Kabla ya Kukabidhi Kifurushi Kiendacho Kusini

Wiki tatu zilizopita Chama cha Kiswahili cha shule yetu, hapa Uganda, kilikusanya vitabu ishirini na sita: hadithi fupi, tamthilia, kamusi mbili zilizokwisha kutumika, na madaftari ya insha zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe. Vilikuwa vinakwenda kwa mwalimu mmoja nchini Afrika Kusini, ambako Kiswahili kiliruhusiwa kufundishwa shuleni kama somo la hiari kuanzia mwaka 2020. Tulipovipanga ndani ya katoni na kuipima, mizani ilionyesha kilo 11. Hapo ubishi ukaanza. Mmoja alitaka posta, mwingine alitaka basi, wa tatu alikuwa na namba ya simu ya kampuni aliyoiona imebandikwa kwenye pikipiki. Wote walibishania bei. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi, niliyekwisha kuumwa na nyoka, huanza nalo: huko mwisho wa safari, ni nani atakayemkabidhi mpokeaji mzigo wake?

Nyoka mwenyewe aliniuma hivi. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alipata nafasi ya masomo Johannesburg, na chuo kikataka kuona vyeti vyake halisi. Yeye alikuwa ametangulia. Vyeti vilibaki kwangu. Nikavitia ndani ya bahasha, nikaenda kituoni, nikampa kondakta wa basi pamoja na noti chache. Alinihakikishia kwa tabasamu kwamba siku ya tano bahasha ingekuwa mkononi mwa kijana. Sikujua, wala sikuuliza, kwamba basi lile halikuwa likifika Johannesburg. Njia ya nchi kavu kutoka kwetu huvuka mpaka wa Mutukula kuingia Tanzania, kisha Tunduma na Nakonde kuingia Zambia, kisha Chirundu kuingia Zimbabwe, kisha Beitbridge. Hiyo ni mipaka minne, na mzigo wangu ulikuwa ukipita kutoka mkono hadi mkono, kila mkono ukiujua tu ule uliotangulia. Bahasha ilionekana baada ya wiki saba, imelowa pembeni. Muda wa kujiandikisha ulikuwa umepita, na kijana alipoteza mwaka mzima.

Nilitafuta wa kumlalamikia, sikumpata. Sikuwa na stakabadhi. Nilikuwa na jina la utani na namba ya simu iliyozimwa. Siwezi hata kusema kwamba nilidhulumiwa, kwa sababu anayedhulumiwa huwa ana haki aliyonyimwa, nami haki hiyo sikuwa nimejiandikia popote.

Ndiyo maana nashikilia kwamba msafirishaji huchaguliwa kuanzia upande wa mpokeaji. Sisi huchagua kuanzia upande wetu: ofisi iliyo karibu, bei iliyo nafuu, karani mchangamfu. Lakini kifurushi kinachokwenda ng'ambo hakipotei kaunta ya kwetu. Hupotea mpakani, ghalani, au katika mji ambao anwani yake haijulikani. Mtu wa kuulizwa kwanza ni yule anayekisubiri.

Chukua mfano wa posta. Wapo wanaosema posta imekufa, nami siwaungi mkono. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa mwaka 1874, makao yake yako Bern, Uswisi, na kanuni zake ndizo zinazoifanya posta ya nchi moja ipokee na kufikisha vitu vilivyotumwa na posta ya nchi nyingine. Angalia namba ya ufuatiliaji iliyo kwenye stakabadhi ya kifurushi cha posta: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Ikiishia na UG, kimetoka Uganda. ZA ni Afrika Kusini, BW ni Botswana. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na zile nane za mwanzo, ili mtu akikosea kunakili, kompyuta iligundue kosa. Mimi huona fahari fulani katika mpango huo: karani wa Gaborone huisoma kazi ya karani wa Kampala bila wao kuonana kamwe.

Hata hivyo, kazi ya posta ya kwetu huishia pale posta ya kule inapoupokea mzigo. Mwaka 2023 Posta ya Afrika Kusini iliingia katika ufilisi wa muda, na baadaye mwaka huohuo ikawekwa chini ya usimamizi wa kuiokoa. Matawi mengi yalifungwa na maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa. Sisemi haya ili kuicheka. Nasema ili uone kwamba ushauri wa "tumia posta" hauwezi kuwa mmoja kwa nchi zote za kusini. Kifurushi cha kwenda Botswana, ambako watu wengi hupokea barua kwa sanduku la posta kama sisi, ningekipeleka posta bila kusita. Cha kwenda mji mdogo wa Afrika Kusini, ningeuliza kwanza kama tawi la mji huo lingali wazi.

Kampuni binafsi zina kasi, na mara nyingi mtumaji na mpokeaji huhudumiwa na kampuni moja. Lakini kwa kawaida hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Zinataka jina la mtaa, namba ya nyumba, na simu inayopokelewa. Tena zina hesabu yao ambayo wanafunzi wangu walipoielewa walishika vichwa. Hupima uzito wa mizani, kisha hupima nafasi ambayo mzigo unaijaza: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha jibu hugawanywa, mara nyingi kwa 5,000. Uzito ulio mkubwa zaidi ndio unaolipiwa. Katoni yetu ilikuwa na urefu wa sentimita 45, upana wa 35 na kimo cha 30. Ukigawanya unapata kilo 9.45, kwa hiyo tungelipia kilo 11 za mizani. Lakini shangazi anayemtumia binti yake vikapu vya ukindu katika boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 40 atalipia kilo 16, hata kama vikapu vyenyewe ni kilo tatu. Afadhali avipachike kimoja ndani ya kingine.

Na kabla ya kulipa, uliza leseni. Hapa Uganda huduma za posta na vifurushi husimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na anayezitoa anapaswa kuwa na leseni yake. Kuiomba leseni hiyo uione si utovu wa adabu, ni haki ya mteja. Nimewahi kutazamwa kwa jicho la ukali kwa kuuliza, nikaaga, nikaondoka.

Mizigo ya ndege nitaipita haraka: huishia uwanja wa ndege, na mpokeaji asiye na wakala wa forodha atahangaika huko. Basi nalo silikatai moja kwa moja. Linafaa pale linapofika lenyewe, pale unapopewa stakabadhi yenye jina la kampuni, na pale ndugu yako atakaposimama kituoni likiingia. Cheti halisi usilipe kabisa.

Sasa tufike forodhani. Wanafunzi wa Kiswahili mnalijua jina Forodhani la kule Unguja, mahali pa matembezi na vyakula vya jioni. Asili yake ni palepale mizigo ilipoteremshwa na kutozwa ushuru. Na neno kifurushi ni udogo wa furushi, ingawa kijana wa Tanzania akikwambia ananunua kifurushi huenda anataka dakika za simu. Kila kifurushi kivukacho mpaka kwa njia ya posta huambatana na tamko la forodha, na kwa mizigo mikubwa fomu yake huitwa CN23. Humo unaandika kilichomo, idadi, uzito na thamani, kisha unatia sahihi. Sahihi hiyo ni kauli yako mbele ya serikali mbili.

Hapa ndipo nilipotofautiana vikali na wanafunzi wangu. Afrika Kusini husamehe ushuru kwa zawadi ambayo mtu humtumia mtu mwenzake, isiyozidi thamani ya rand 1,400, na si zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Zaidi ya hapo, kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 15. Mwanafunzi mmoja mwerevu akapendekeza tuandike kwamba mzigo ni zawadi yangu binafsi, na thamani tuishushe. "Mwalimu, hakuna atakayefungua," alisema. Nilimjibu kwamba huenda kweli wasifungue. Lakini mzigo ulitoka kwa chama chetu kwenda kwa darasa, haukuwa zawadi yangu. Zaidi ya hayo, ukipotea, fidia hutazama thamani uliyoitamka mwenyewe. Ukiandika uongo ili kukwepa kodi, umejifungia mlango wa kudai. Chakula nacho kina masharti yake: dagaa, ambao kwetu huitwa mukene, mbegu na nyama iliyokaushwa vinaweza kuhitaji kibali, na visipokuwa nacho huteketezwa.

Kuhusu fidia, fahamu jambo moja zaidi. Kwa mizigo inayobebwa na kampuni kwa ndege kati ya nchi na nchi, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 huweka kikomo cha fidia kwa kila kilo, isipokuwa mtumaji awe ametamka thamani maalumu na kulipa nyongeza. Sasa pima cheti cha shule. Gramu chache! Kama bahasha ya mpwa wangu ingepotea katika ndege, fidia isingetosha hata nauli ya kwenda kufuatilia. Chuo kikitaka cheti, omba kwanza kipokee nakala iliyothibitishwa, na cha halisi kipelekwe na mwenye nacho.

Basi tukamwandikia yule mwalimu kabla ya kumlipa yeyote. Tulimuuliza mambo matatu: nani hufikisha mizigo mjini kwenu, simu ya nani itapokelewa, na kodi ikitozwa italipwa na nani. Alijibu kwamba tawi la posta la mji wake limefungwa, kwamba kampuni mbili hufika shuleni, na kwamba shule italipa kodi mradi thamani ijulikane mapema. Jibu hilo lilimaliza ubishi wa juma zima. Moja ya kampuni hizo mbili ina ofisi na leseni hapa kwetu, lakini bei yake ilizidi mchango wetu. Wanafunzi wakafungua katoni, wakatoa tamthilia zilizojirudia na riwaya nzito, wakabakiza kamusi na insha. Kilo sita. Vilivyobaki vitasubiri muhula wa tatu.

Kujaza tamko la forodha kulituchukua saa nzima. Kamusi zilikuwa rahisi, kwani bei ilikuwa imeandikwa nyuma. Madaftari ya insha ndiyo yaliyotukwamisha, maana fomu haikubali nafasi tupu kwenye safu ya thamani. Msichana mmoja alisema insha yake haina bei. Mwenzake akasema haina thamani, wakacheka wote. Mwishowe tuliandika shilingi 1,000 kwa kila daftari, bei ya daftari jipya dukani, na katibu wa chama akatia sahihi.