Fumbo la Maneno Si Mchezo wa Watoto



Wapo wanaolalamika kuwa ukurasa huu wa Kiswahili unapotezwa bure kwa miraba ya herufi na mafumbo. Wanasema mshahara hautoshi, mabuti ya mpira yametoboka, kilo za chai zinabishaniwa kwenye mzani, nasi tumekaa tunauliza "neno la herufi sita lenye maana ya sheria mama". Malalamiko hayo nimeyasikia kiwandani, nimeyasikia shambani, na juzi nimeyasikia hata ndani ya kamati yetu. Mimi nayapinga, na nitasema kwa nini.

Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, wafanyakazi waliitwa saa ya chakula kuchagua mwakilishi wao. Jina likasomwa, kisha msimamizi akauliza: "Nani anapinga?" Watu wakanyamaza. Wengi walinyamaza kwa sababu hawakumtaka mtu yule, na pia hawakutaka kuonekana wanampinga. Kwenye kumbukumbu za mkutano ikaandikwa "amechaguliwa kwa kauli moja". Kauli gani, na hakuna aliyefungua mdomo? Hakuulizwa nani anaunga mkono, haikuhesabiwa akidi, haikutajwa kura ya siri. Baadaye nilikaa na baadhi yao. Walijua vizuri kwamba wameonewa, ila walikosa maneno ya kulisemea jambo lenyewe. Barua yao ya malalamiko ilisema tu kwamba "uchaguzi haukuwa mzuri", nayo ikajibiwa kwa mstari mmoja. Barua yenye maneno "akidi haikutimia na kura haikuwa ya siri" haijibiwi kwa mstari mmoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inawatambua wawakilishi wanaochaguliwa na wafanyakazi, lakini sheria haisimami yenyewe mkutanini kunyoosha mkono.

Hapa kwetu Nyamyumba shida ya maneno ni kubwa kwa kuwa tunaishi katika lugha nne. Nyumbani ni Kinyarwanda. Sokoni Gisenyi na mpakani na Goma ni Kiswahili. Karani mzee bado anakumbuka Kifaransa chake, na karatasi nyingi za ofisini zinakuja kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, jambo jema. Lakini mtu aweza kununua sambaza kwa Kiswahili miaka ishirini bila kukutana hata mara moja na neno "akidi". Maneno ya utawala hayauzwi sokoni. Lazima yatafutwe mahali pengine, na mimi sijaona mahali rahisi kuliko fumbo analobishania mtu na mwenzake wakila mihogo.

Naomba nieleweke. Sisemi kila fumbo ni zuri. Fumbo linalouliza "mkuu wa nchi anaitwaje" ni la kumlisha kasuku. Fumbo zuri huweka maneno mawili ya jirani na kukulazimisha uyatenganishe. Chukua kuchagua na kuteua. Mwezi uliopita tuliandika majina ya vyeo vitano, tukauliza kila mmoja anapata kiti chake kwa mkono wa nani: mkuu wa mudugudu, katibu mtendaji wa umurenge, meya wa wilaya, mbunge, waziri. Ubishi ulichukua siku mbili. Mkuu wa mudugudu tunamchagua sisi wanakijiji. Katibu mtendaji ni mwajiriwa, kama mimi na wewe. Meya huchaguliwa, lakini si na sisi moja kwa moja. Waziri huteuliwa. Penye mbunge ndipo watu waligawanyika, na walikuwa na haki ya kugawanyika. Baraza la Wabunge lina viti 80: viti 53 hutokana na kura za wananchi wote, 24 ni vya wanawake wanaochaguliwa na vyombo maalumu, 2 vya vijana na 1 cha watu wenye ulemavu. Na katika vile 53, unapoingia chumbani unapigia kura orodha ya chama au mgombea binafsi. Tarehe 15 Julai 2024 tulipiga kura ya Rais na ya wabunge siku moja, na bado wapo waliotoka wakiuliza mbunge wa Nyamyumba ni nani.

Hapo ndipo mafumbo ya kunakiliwa kutoka magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi yanapotupoteza. Yule ndugu wa Tanzania akiandika "eneo la mbunge, herufi tano", jibu lake ni jimbo. Sisi hatuna jimbo la mbunge wa namna hiyo. Vuka mpaka hapo Goma, jimbo ni mkoa mzima wenye gavana wake. Neno moja, mipaka miwili. Na "kura ya maoni"? Kwetu ni kamarampaka, jambo la kumaliza ubishi, kama ile ya katiba ya mwaka 2003 na ile ya 2015. Kwa wanachama wa CCM kule Tanzania, kura za maoni ndizo za kumpata mgombea ndani ya chama. Na mtangazaji wa redio aweza kuita hivyo hata kuwauliza watu elfu moja wanafikiri nini. Mfanyakazi anayesikiliza redio za nchi tatu, kama tulivyo wengi hapa, bila kuyajua haya atadhani nchi jirani inabadilisha katiba kila mwaka.

Wengine wataniambia: watu walipiga kura zamani bila kujua maneno, kwa picha. Ni kweli. Tanzania wakati wa chama kimoja mgombea mmoja wa ubunge alipewa jembe na mwenzake nyumba. Kenya mwezi Novemba 2005 waliulizwa juu ya rasimu ya katiba kwa matunda: ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana, na chungwa likashinda. Picha zinasaidia asiyesoma, wala sizidharau. Lakini ndizi haikuambii ndani ya rasimu mna nini. Aliyejua maneno "rasimu", "ibara" na "madaraka" alipigia kura karatasi. Aliyejua tunda tu alilipigia kura tunda na aliyelibeba.

Kenya hiyohiyo ilitupa neno mlolongo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wapiga kura walipangwa mstari nyuma ya picha ya mtu wao, chifu na mwajiri wakitazama nani kasimama wapi. Neno ambalo zamani lilikuwa la kupanga foleni tu likawa jina la uchaguzi usio wa siri. Siku hizi ukilitamka kwa Mkenya wa umri wangu anaelewa bila maelezo. Neno kama hilo ni silaha, maana linafupisha hoja nzima. Wale ndugu wa kiwandani niliowataja hapo juu wangekuwa nalo, barua yao ingekuwa na meno.

Linabaki swali la haki kabisa: je, wachuma chai wasiosoma? Wengi ni akina mama zetu, wanaanza alfajiri na miraba ya herufi haiwahusu. Kwao hatuhitaji karatasi. Tumezaliwa na vitendawili. Sema "Sakwe sakwe!" katikati ya mistari ya chai, uone kama hutajibiwa "Soma!" kabla hujavuta pumzi. Mama mmoja ametupa hiki: "Nalishwa mchana kutwa sisemi, jioni natapika na wote wanahesabu." Ni sanduku la kura. Mwenzake akaongeza: "Na akihesabu mmoja peke yake?" Hilo la pili halikuwa kitendawili tena, ilikuwa hoja, na tuliipeleka kwenye kamati: masanduku ya uchaguzi wetu wa wawakilishi yafunguliwe mbele ya mashahidi wa kila zamu, ikiwamo zamu ya usiku.

Huko Brazil, mwaka 1963, mwalimu Paulo Freire aliwafundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300 wa mji wa Angicos kwa saa 40 tu, akianza na maneno ya maisha yao wenyewe. Nchini humo wakati ule asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura. Mwaka uliofuata jeshi lilichukua serikali na mwalimu akatiwa gerezani. Wenye nguvu hawakuyaona masomo yale kuwa mchezo.

Fumbo la mwezi huu lina maneno kumi: akidi, ajenda, pingamizi, mgombea, mwakilishi, kura ya siri, kura iliyoharibika, kumbukumbu, muhula, rufaa. Atakayelijaza amweleze mwenzake asiyesoma maana ya kila neno kwa mfano wa kazini, kisha wote wawili waje mkutano wa tawi wakiwa na swali moja la kuuliza juu ya uchaguzi wa wawakilishi. Majibu yapelekwe kwa katibu wa tawi. Msimpe msimamizi wa zamu.