Yule Alalaye Barazani

Akina mama wenzetu, hapa Nyansurura tulikwisha mzoea kijana alalaye kwenye baraza la duka, chupa ya gongo kando yake. Alipokohoa tulisema ni baridi ya alfajiri. Wiki ya tatu tukampeleka kupima makohozi: kifua kikuu. Dawa ni bure, nazo humezwa kila siku kwa miezi 6. Lakini asiye na nyumba atasimamiwa na nani? Tumepanga zamu, anakunywa uji, kisha anameza dawa tukimwona.

Wapo waliotaka tumfungie ndani aache gongo siku hiyo hiyo. Tulikataa. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla aweza kupata degedege, hata kufa. Ila pombe na dawa hizo pamoja huumiza ini, kwa hiyo daktari anampunguzishia taratibu. Zamu ya Jumamosi bado haina mtu.