Mashehe na wachungaji Likoni wabebeshwa mzigo wa serikali

KILA utovu wa usalama unapozuka Likoni au Kisauni, maafisa wa utawala huwa na desturi moja: huwaita maimamu na wachungaji mkutanoni na kuwataka wawatulize "vijana wao". Ni wachache wanaouliza iwapo viongozi hao wana uwezo wa kuifanya kazi hiyo, na kwa gharama gani.

Itakumbukwa kuwa mnamo Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua maafisa na kupora silaha, kisha wakawageukia wakazi wenye asili ya bara. Wapo walioyaita machafuko hayo vita vya kidini. La hasha. Wavamizi walikuwa wamelishwa kiapo na mganga, si imamu, na malalamiko yaliyochochewa yalikuwa ya ardhi, ajira na siasa za uchaguzi wa mwaka huo. Maelfu ya waliotimuliwa walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni.

Mwaka wa 2014 hali ilikuwa tofauti. Machi 23, watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus, Likoni, wakati wa ibada ya Jumapili na kuwaua waumini wasiopungua sita. Juni 10, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri (CIPK), aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake, papo hapo Likoni. Marehemu alikuwa amekemea hadharani mafunzo ya itikadi kali, na kabla ya hapo vijana walikuwa wamemng'oa katika msikiti wa Sakina, Majengo. Machoni pao alikuwa kibaraka wa serikali.

Hapo ndipo penye utata. Novemba mwaka uo huo, polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina, kisha Swafaa na Minaa kule Kisauni, wakawatia mbaroni mamia ya watu na kuifunga kwa muda. Polisi walisema walipata maguruneti humo, na hakuna mwenye busara atakayetetea silaha kuwekwa ndani ya nyumba ya ibada. Hata hivyo, imamu aliyeombwa ahubiri utulivu alijikuta hana mimbari. Serikali haiwezi kumtuma sheikh asubuhi, imshuku jioni, kisha itarajie vijana wamwamini.

Isitoshe, lililo kubwa zaidi halikuwa mikononi mwa kiongozi wa dini hata kidogo. Shamba la Waitiki, lenye ekari 930 huko Likoni, lilivamiwa na maskwota katika machafuko ya 1997. Ilichukua hadi Januari 2016 kwa serikali kutoa hatimiliki. Hata siku hiyo, furaha ilichanganyika na manung'uniko: kila familia ilitakiwa kulipa Sh182,000.