Gari la vita halipaki!

 Kama mnaisoma safu hii asubuhi, basi mwangaluka, maana safari hii nimetokea Usukumani na salamu nimeidaka. Wiki hii tunaweka pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tunaingia kwenye gemu. Akina dada msifunge gazeti, kwani shujaa wetu wa leo ni mwenzenu, tena wa kijijini, wala si mtoto wa Masaki.

Mada yenyewe ni magari ya vita. Sisemi vifaru, jamani. Nasema yale ya kale ya magurudumu mawili, ya kukokotwa na farasi, mnayoyaona kwenye sinema za Farao. Ndani ya gemu la Total War: Warhammer, ambalo Waingereza wa Creative Assembly walilitoa mwaka 2016, wakatoa la pili 2017 na la tatu 2022, magari haya yamejaa tele. Yapo ya kuvutwa na mbwamwitu, yapo ya kuvutwa na nguruwe mwitu, na yapo ya Tomb Kings, yaani wafalme wa makaburini, walioongezwa kwenye gemu la pili Januari 2018. Hawa ni wafu wa jangwani, askari wao mifupa mitupu, na bosi wao, Settra, naye ana gari lake la kifalme. Bab kubwa!

Sasa nenda kijiweni uwaulize vijana. Watakwambia, "Aah, magari ya vita bomu tu, hayana lolote." Mtazame huyo anayesema hivyo akicheza, utacheka mwenyewe. Anapanga magari yake manne, anayabofyea adui wa mbele, halafu macho yanahamia kwa wapiga mishale wake. Akirudi, anakuta magari yamesimama katikati ya mikuki kama daladala iliyozimika Kariakoo, na kila mpita njia anapiga lake. Dakika mbili, kwisha habari. Hapo lawama kwa gemu.

Ndugu yangu, gari la vita ni mwendo. Likiwa mbioni ni balaa, linarusha watu kama pumba. Likisimama ni sanduku lenye magurudumu. Gemu limepangwa hivyohivyo: kikosi kinapovamia kwa kasi kinapewa nguvu ya ziada ya kishindo, na nguvu hiyo inapungua kila sekunde inayopita baada ya kugongana. Ukikaa humo humo, umebaki na askari wachache tu wenye gari kubwa ambalo kila mtu analiona.

DADA WA MAKSAI

Haya niliyashuhudia Lingeka, huko Meatu mkoani Simiyu, nilipokwenda kumsalimia shangazi yangu msimu wa pamba. Kule mkokoteni wa ng'ombe ndio kila kitu. Pamba inakwenda nao kwenye ghala la ushirika, maji yanaletwa nao, kuni nao, na harusi ikitokea viti vinapandishwa humo. Maksai wawili, nira moja, ekseli ya gari kuukuu na matairi yake, mambo yanakwenda.

Shangazi ana watoto wawili wakubwa. Kaka mtu alikuwa amerudi kutoka Mwanza na laptopu yake ya gemu, anaringa nayo kijiji kizima. Mdogo wake wa kike amemaliza kidato cha nne, na ndiye dereva wa mkokoteni pale nyumbani. Binti alitaka kujifunza kompyuta kabla hajaanza kutafuta chuo. Kila akiinyooshea mkono ile laptopu, kaka anakuja juu: "Wewe endesha ng'ombe wako, utaniharibia mashine!"

Shangazi akachoka na kelele. Akatoa hukumu. Shindaneni kwenye huo mchezo wenu. Binti akishindwa, safari zote za pamba na maji za msimu huo ni zake peke yake na asiguse tena mashine ya mtu. Akishinda, laptopu ni yake kila jioni kwa ajili ya kujifunza mpaka kaka arudi Mwanza. Kaka akakubali huku anacheka. Akamwachia binti jioni tatu za mazoezi, kwa huruma.

Wakapanga vita moja, kila mtu aicheze kwa zamu dhidi ya kompyuta. Jeshi lile lile la Tomb Kings: askari wa mifupa wenye mikuki, wapiga mishale, na vikosi vinne vya magari. Adui ni wale binadamu wanaoitwa Empire, wana wenye panga na wana wenye marungu marefu yenye mashoka. Atakayebaki na askari wengi ndiye mshindi.

Kaka akaanza. Akafanya lile lile la vijiweni. Magari yote manne moja kwa moja mbele, tena upande wa wale wenye mashoka marefu, ambao kazi waliyopewa kwenye gemu ni kuua vitu vikubwa kama farasi na magari. Kishindo cha kwanza kilikuwa kitamu kweli, watu wakaruka. Cha pili hakikuwepo. Alishinda vita, lakini magari yote manne yaliishia pale na nusu ya mifupa yake ikabaki uwanjani.

Zamu ya binti. Kabla hajabofya chochote akauliza swali moja: "Kaka, yakishaingia, yanatokea wapi?"

Kaka akamwambia, "Yanatokea wapi nini? We piga!"

Binti hakumsikiliza. Aliweka wenye mikuki mbele, wakapokea adui na kumshikilia. Wapiga mishale nyuma yao. Magari akayapeleka mbali pembeni, akayazungusha mapema, taratibu, kama mtu anayegeuza mkokoteni uliojaa marobota. Adui aliponasa kwenye mikuki, akaleta magari mawili kutoka nyuma kwa pembe, yakawagonga wenye panga mgongoni. Yalipogonga tu, akabofya uwanja mtupu ng'ambo ya pili. Yakapita katikati ya watu yakatokea ubavuni. Wakati hayo mawili yanakwenda kugeukia mbali, mengine mawili yakaingia. Ikawa zamu kwa zamu, kama wanaotwanga kinu kimoja.

Wenye panga hawakumaliza dakika nyingi. Kwenye gemu hili binadamu wana moyo, na anayepigwa mgongoni moyo unamtoka haraka. Wakatimua mbio. Wenye mashoka wakabaki peke yao, mikuki mbele, mishale juu, nao wakafuata. Binti alimaliza na magari yake matatu na nusu.

Nikamuuliza ujuzi kaupata wapi. Akanijibu kwamba mkokoteni haurudi nyuma na haukati kona ghafla, hivyo unapoingia njia nyembamba lazima ujue mwisho wake uko wapi. Na ukiingia kwenye tope, usiwasimamishe maksai, wakisimama hapo mtalala hapo. Basi. Jioni ile laptopu ikahama chumba.

HATA SISERA YALIMKUTA

Msidhani haya ni ya kwenye gemu tu. Wenye Biblia fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya nne. Yumo jemadari aitwaye Sisera, ana magari ya chuma 900, ametesa watu miaka 20. Debora na Baraka wakamkabili penye mto Kishoni. Sura ya tano inasimulia mto ukiwazoa watu wake, na mwisho jemadari huyo mwenye magari 900 akashuka garini akakimbia kwa miguu! Aliyewahi kuona mkokoteni ukizama kwenye udongo mweusi wa mbugani, masika yamekolea, hahitaji mhubiri wa kumfafanulia. Gari bila ardhi nzuri ni mzigo.

Njoo Kadeshi, Siria ya leo, mnamo mwaka 1274 K.K. Farao Ramesses wa Pili alipambana na Wahiti. Maandishi ya Wamisri yenyewe kwenye mahekalu yao yanasimulia kwamba magari ya Wahiti yalikivamia kikosi kimoja cha Farao ghafla, yakakisambaratisha, yakaingia hadi kambini. Wangeendelea na mwendo, sijui Farao angesema nini. Lakini walipoona mali ya kambini, inasemekana wakasimama kupora. Wamisri wakawageuzia kibao pale pale. Mnaona? Walipaki!

Na mwaka 331 K.K., huko Gaugamela, kaskazini mwa Iraki ya leo, mfalme Dario wa Tatu wa Uajemi alisawazisha uwanja mzima ili magari yake yenye visu kwenye magurudumu yapate mbio. Ardhi nzuri, mwendo upo. Aleksanda Mkuu naye akawaweka watu wepesi wa kurusha mikuki mbele, wakawalenga madereva na farasi. Machache yaliyofika, askari wake wakayafungulia njia yapite katikati, yakapita bure yakamalizwa nyuma. Somo lake ni kwamba gari linalokwenda mbele tu, kwa adui anayeliona na kulingoja, halina ujanja.

FANYA HIVI

Haya, kwa wale watakaokaa mbele ya kompyuta jioni ya leo, shikeni yafuatayo.

Kwanza, usianze na magari. Anza na askari wa miguu wamshike adui. Magari ni nyundo, na nyundo bila fuawe inapiga hewa.

Pili, chagua wa kumgonga. Wapiga mishale, wenye panga, mizinga iliyoachwa bila ulinzi, hao ni halali yako. Wenye mikuki na mashoka marefu wapitie mbali, hasa kama wanakutazama usoni. Hao waachie mishale.

Tatu, toa amri ya kushambulia ili upate nguvu ya kishindo, halafu magari yakishagonga tu, bofya uwanja mtupu upande wa pili. Ukibofya uwanja tokea mwanzo utapita kwa kuwasukuma watu tu, utamu wa kishindo utaukosa. Ukisahau kubofya mara ya pili, umepaki.

Nne, ingia kwa pembe. Ukimgonga adui mgongoni moja kwa moja, mbele yako utawakuta askari wako mwenyewe, nao watakuwa foleni yako. Ingia kona ya nyuma, tokea ubavuni.

Tano, geukia mbali. Gari linahitaji nafasi ya kupata mbio upya. Ukigeuka karibu karibu, unarudi kwa mwendo wa baiskeli yenye pancha.

Sita, usiyatume yote kwa pamoja. Mawili yakiingia, mawili yanageuka. Hivyo adui hapati sekunde ya kupumua, nawe huna hasara ya kupoteza yote kwa kosa moja.

Saba, kwepa misitu, maana humo vikosi vikubwa vinapunguziwa kasi na uwezo wa kupigana. Na ukienda kuvamia mji wenye kuta, kumbuka magari hayapandi ngazi, yanangoja lango. Yaache nje yafukuze wanaokimbia.

Nane, magari ya wapiga mishale usiyachanganye na ya kugonga. Hayo ya mishale yanapiga huku yanatembea. Kazi yake ni kumzunguka adui, kumchokoza, akikufuata unamkimbia huku unamchoma. Wamisri wa Kadeshi magari yao yalikuwa mepesi, dereva na mpiga upinde, na Wahiti vita ile walipanda watatu watatu. Silaha mbili tofauti, matumizi mawili tofauti.

Hiyo ya nane ndiyo inayowatesa wengi, hasa wanaoanza na Tomb Kings, kwa kuwa vikosi vyote viwili ukiviona kwa mbali vinafanana. Na pale askari hawadai mshahara, basi mtu anasema potelea mbali, nitaunda vingine. Kumbe idadi ya vikosi unavyoruhusiwa inategemea majengo uliyojenga, na wakati unangoja kikosi kipya adui amekwishafika mlangoni.

Mwisho, washikaji, lile swali la mtoto wa shangazi mlibandike ukutani. Yakishaingia, yanatokea wapi? Nawajua vijana wa mjini hapa wanaochukua mkopo wa simu Jumatatu ili walipe mkopo wa simu wa Ijumaa iliyopita. Wanaingia kwa kishindo, viatu vipya, simu mpya, mtaa mzima unajua. Pa kutokea hawakupatafuta. Mwezi ukiisha wamesimama katikati ya mikuki, namba ngeni zinawapigia tangu alfajiri. Kama hujaiona njia ya kutokea, shikilia hatamu kwanza, adui hakimbii.