Neno la Ofisi na Neno la Mwananchi: Simiyu Inatafutwa kwa Lugha Gani?

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuishi katika zama ambazo swali la kwanza la kijana wa Bariadi haliendi kwa mzee wala kwa mtendaji wa kata, bali huandikwa kwenye kioo cha simu kwa maneno matatu au manne. Jibu atakalolipata linategemea jambo ambalo watumishi wengi wa umma na waandishi wengi hawalifikirii: je, aliyeandika taarifa alitumia maneno yale yale ambayo muulizaji angeyatumia?

Kuchagua maneno ya utafutaji huonekana kuwa kazi ya wafanyabiashara wanaotaka bidhaa zao zionekane juu kwenye Google. Hoja yangu ni kwamba suala hili ni la kisiasa kabla ya kuwa la kibiashara. Taarifa ya umma ambayo mwananchi hawezi kuifikia kwa maneno yake mwenyewe haijatolewa. Imehifadhiwa tu mahali pa wazi.

Nianze na pamba, kwa kuwa Simiyu bila pamba haielezeki. Mkulima wa Itilima au Maswa anayetaka kujua atauza kwa kiasi gani huandika "bei ya pamba Simiyu" na kuongeza mwaka. Mamlaka, kwa upande wake, hutumia "bei dira" au "bei elekezi", na huutaja mwaka kwa msimu, mathalani 2023/2024. Tofauti ni ndogo kwa jicho la mtu, lakini kwa injini ya utafutaji inaweza kuwa kubwa. Akifupisha swali lake na kuandika "pamba" peke yake, hali huwa mbaya zaidi. Neno hilo katika Kiswahili ni zao, ni kitenzi cha kuremba, ni nguo nzuri katika lugha ya vijana, na ni jina la klabu ya soka ya Mwanza, Pamba Jiji, iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/2025. Mkulima aliyetaka bei anaweza kuletewa matokeo ya mechi.

Hali ni hiyo hiyo kwa wadudu. Katika nyaraka rasmi neno ni "viuatilifu", na chombo kinachovisimamia huitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ni neno zuri na sahihi, na silipingi. Lakini nenda kwenye duka la pembejeo mjini Bariadi usikilize: watu wanaomba "dawa". Anayeona funza kwenye vitumba vya pamba yake ataandika "dawa ya wadudu wa pamba". Mwongozo wa kitaalamu uliotaja "viuatilifu" mara hamsini na "dawa" mara sifuri umejiweka mbali naye. Anayemkaribia ni muuzaji asiyejulikana, aliyeandika tangazo lake kwa neno hilo hilo la dukani.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonisumbua zaidi. Pengo kati ya neno la ofisi na neno la mwananchi halibaki tupu. Hujazwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni tapeli, kwa sababu tapeli analipwa kwa kuijua lugha ya anayemwinda.

Tazama mikopo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebishwa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Katika barua na matangazo huitwa "mikopo ya asilimia kumi itokanayo na mapato ya ndani ya halmashauri". Hakuna kijana asiye na mtaji anayeuliza hivyo. Anaandika "mkopo wa vijana", "mkopo bila riba", na akiwa amebanwa zaidi, "mkopo wa haraka kwa simu". Wanaomsubiri kwenye maneno hayo si maofisa maendeleo ya jamii. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo ya kidijitali bila leseni. Biashara ya namna hiyo haiwezi kushamiri bila kujua wateja wake wanauliza kwa maneno gani.

Na akishanaswa, atauliza tena. Safari hii ataandika "kausha damu", jina ambalo wananchi wenyewe wameipa mikopo ya unyonyaji. Ukiifungua Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo ndiyo inayowabana wakopeshaji hao, hutalikuta jina hilo. Wala hatutegemei sheria iandikwe kwa lugha ya kijiweni. Lakini ofisi inayoieleza sheria hiyo kwa umma haina kisingizio. Sentensi moja tu, "mikopo ambayo wengi huiita kausha damu", ingetosha kumleta aliyeumizwa mbele ya haki yake.

Maneno ya utafutaji pia ndiyo mlango wa historia. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Shinyanga. Itilima imetokana na Bariadi, na Busega imetokana na Magu, mkoani Mwanza. Mwanafunzi wa leo anayeandika "mazingira Simiyu" au "ushirika Simiyu" huletewa mambo ya miaka michache tu, akahitimisha kwamba eneo hili halikuwahi kutafitiwa. Nimesoma mapendekezo ya utafiti yanayodai kuwa "hakuna tafiti zilizofanyika", ilhali kilichokosekana ni neno "Shinyanga" kwenye kisanduku cha utafutaji.

Mfano ulio wazi ni hifadhi ya ardhi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI, ukiwa na lengo la kurudisha uoto katika ardhi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Mradi huo ulifufua ngitili, utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Anayetafuta kwa maneno ya semina za leo, kama "urejeshaji wa uoto" au "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi", anaweza kupita pembeni ya hazina hiyo bila kuigusa. Anayejua kuandika "ngitili" (na kwa kuwa tahajia haijatulia, "ngitiri" pia), pamoja na "HASHI" na "Shinyanga", hufunguliwa ghala zima la maandishi kuhusu maarifa ya babu zake. Neno moja la Kisukuma hapo lina nguvu kuliko ukurasa mzima wa istilahi za wafadhili.

Mfano wa pili unahusu heshima ya mahali. Wilayani Bariadi kuna kijiji cha Gamboshi, ambacho wengine hukiandika Gambosi. Litafute jina hilo mtandaoni, nawe utakutana na uchawi: masimulizi ya mji usioonekana na wachawi wanaokutana usiku. Wakazi wake wanalima, wanafuga, wanasomesha watoto na kudai maji na barabara kama wananchi wengine, lakini mambo hayo yameandikwa kwa uchache, au yameandikwa bila kukitaja kijiji. Kwa hiyo injini ya utafutaji, ambayo hupanga tu kile ilichopewa, imekifanya kijiji kizima kuwa hadithi ya kutisha. Njia ya kuisahihisha picha hiyo si kuwalaumu waliosimulia uchawi. Ni kuandika habari za shule, zahanati na mavuno ya Gamboshi, na kulitaja jina lake kwenye kichwa cha habari, kwa tahajia zote mbili.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili nzito. Ya kwanza: wakulima wengi wa Simiyu hawatafuti chochote mtandaoni, wanamsikiliza ofisa ugani na redio. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini ofisa ugani naye anatafuta. Mtangazaji wa redio anatafuta kabla ya kuingia studio. Mtoto wa mkulima aliye kidato cha nne anatafuta kwa niaba ya baba yake. Katika mkoa ambao Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497, mtu mmoja mwenye simu husomea kaya nzima. Akikosea yeye, wamekosea wengi.

Hoja ya pili ni ya wanataaluma wenzangu: kwamba kuandika kwa kufuata maneno yanayotafutwa kunaishusha lugha na kuzaa vichwa vya habari vya kunasa wasomaji. Hofu hiyo ina msingi. Wapo wanaorundika maneno yale yale hadi sentensi inakosa maana, wakidhani ndiyo ujanja. Hawajui kwamba ujanja huo umezeeka: tangu mwaka 2009 Google ilitangaza kuwa haitumii orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa katika kupanga matokeo, na mwaka 2011 ilianza kushusha kwa nguvu kurasa zisizo na maudhui ya maana. Ninalotetea mimi ni kinyume cha urundikaji. Ni adabu ya zamani ya mwalimu: kumjua unayesema naye, kuanza na neno lake, kisha kumfikisha kwenye neno jipya. Anayeandika "viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu" hajaishusha lugha, ameieneza.

Lifanyike nini, basi?

Kwa watumishi wa umma, napendekeza mambo manne. Kabla ya kuandika tangazo, mwulize mhudumu wa mapokezi wananchi huliitaje jambo hilo wanapofika dirishani. Jibu lake ndilo kichwa cha habari chako. Neno rasmi na neno la mtaani yakae pamoja katika aya ya kwanza. Taja mahali kwa ukamilifu, yaani kijiji, kata, wilaya na mkoa, kwa sababu "Maswa" pekee ni wilaya na pia ni pori la akiba, na "Simiyu" pekee ni mkoa na pia ni mto. Mwisho, acheni kupandisha barua zilizopigwa picha kama ndiyo taarifa yenyewe. Mhuri hupendeza, lakini picha si maandishi yaliyochapwa, na tangazo la siku kumi na nne linaweza kuisha muda kabla halijapatikana na yeyote. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilikusudia zaidi ya kubandika.

Kwa wanafunzi: andikeni orodha ya maneno kabla ya kutafuta, si baada ya kukosa. Wekeni jina la sasa na la zamani la mkoa, neno la kitaalamu na la kienyeji, Kiswahili na Kiingereza. Mkitaka kauli kamili, ifungeni kwa alama za mtajo, mkitaka nyaraka za Serikali pekee, ongezeni "site:go.tz". Kumbukeni pia kuwa Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Ndani ya waraka mrefu, kutafuta "mkulima" hakutakuonyesha "wakulima"; tafuta "kulima", utawapata wote wawili. Na mkiwa na shaka kati ya maneno mawili, Google Trends itawalinganishia yanavyotafutwa hapa Tanzania, ingawa kwa maneno ya mikoani mara nyingi data huwa haba, na hapo sikio la mtaani ndilo kipimo bora.

Kwa wanaharakati: msiandike kwa ajili ya mfadhili peke yake. Ripoti inayozungumzia "uwezeshaji jumuishi wa kiuchumi" husomwa na aliyeigharimia. Ile inayotaja "mkopo wa halmashauri" na kusema wazi nani aliupata na nani alinyimwa, huku jina la Bariadi likiwa juu, hutafutwa na diwani, mwandishi wa habari na mwananchi aliyenyimwa.

Mwaka 2021 nchi yetu ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini kuhamisha maandishi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kisichosemwa na mtu ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki haihitaji bajeti wala kamati. Inahitaji mwandishi mmoja, kwenye kila meza, ajiulize kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha: mtu anayeihitaji taarifa hii leo, akiwa Nkololo au Dutwa, ataiulizia kwa maneno gani? Matapeli wameshajiuliza swali hilo, na jibu wanalo. Ni zamu ya ofisi zetu.