D'Artagnan hakuzaliwa na Dumas

Ndugu yetu ameandika kwamba filamu mbili za Martin Bourboulon za mwaka 2023, zilizotokana na riwaya ya Alexandre Dumas, Les Trois Mousquetaires, ni wizi kwa kuwa zimebadili kitabu. Nakataa. Dumas mwenyewe alimtoa shujaa wake d'Artagnan katika kumbukumbu za kubuni za Courtilz de Sandras zilizotoka 1700, akasaidiwa na Auguste Maquet, na mwaka 1844 akaitoa hadithi kipande kwa kipande katika gazeti la Le Siècle. Hadithi iliyozaliwa hivyo haiogopi kukatwa na kushonwa upya.

Hapa mtaani kwetu Makomeno, umeme ukikatika filamu ikiwa katikati, aliyeiona zamani huwamalizia wenzake kwa mdomo. Huongeza mapigano, huruka mapenzi. Nani amewahi kumwita mwizi?

Kilichoniuma hasa ni lawama juu ya Hannibal, shujaa mweusi aliyeongezwa katika sehemu ya pili ya filamu hizo. Eti hafai! Bibi yake Dumas, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi huko Saint-Domingue, Haiti ya leo. Mwanawe, baba yake Dumas, akawa jenerali wa Ufaransa. Mwaka 2010, katika filamu L'Autre Dumas, nafasi ya mwandishi huyu alipewa Gérard Depardieu, mzungu, akapakwa rangi. Hapo ndipo kelele zilipostahili.

Nampa haki ndugu yetu kwa jambo moja. Filamu ya 2024 ya Le Comte de Monte-Cristo, riwaya nyingine ya Dumas, pamoja na urefu wake wa karibu saa tatu, inapita gerezani mbiombio. Katika kitabu, shujaa Dantès alifungwa katika gereza la Château d'If miaka 14, na mle ndimo mfungwa mwenzake, Abbé Faria, alimomfundisha lugha na hesabu. Nilitamani kukaa nao gizani zaidi.