Kilomita Chache, Mpira Mkongwe

Gari langu ni Volkswagen T3 ya 1987, lile basi dogo la kulalia lenye paa la kuinuka. Ujerumani iliacha kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Afrika Kusini, kule Uitenhage, iliendelea nalo hadi 2002, na langu limetokea huko. Nikiliegesha penye mafundi wawili sikosi mashauri. Moja nimelilipia kwa kuvutwa kwa kamba hadi Mombo.

Ni hili: “Bosi, kama halijaharibika, usiliguse.” Kwa kitasa cha mlango, sawa. Kwa mpira wa maji, hapana. Injini ya T3 iko nyuma na rejeta iko mbele, kwa hiyo lita kama 16 za maji hupita chini ya gari zima kwenda na kurudi, kiungo hadi kiungo cha mpira. Kimoja kikipasuka maji hukimbia, na kihisio cha joto kikishabaki kwenye hewa tupu, mshale wa dashibodi hutulia kana kwamba mambo ni shwari, huku hedi za aluminiamu zinapikika. Hivyo ndivyo nilivyofika Mombo. Mpira uliopasuka ulikuwa mfupi kuliko kiganja changu, na asubuhi ya siku ile “haukuwa umeharibika”.

Ungeubonyeza ungesema wenyewe. Injini ikiwa baridi, minya mpira kwa vidole karibu na klipu, kisha ukunje. Mzima hunepa na kurudi. Uliochoka huwa mgumu kama mzizi, au hulegea kama ndizi iliyopitiliza, na mkunjo ukifunguka unaona nyufa. Wa petroli ndio ulionitisha zaidi: nilipouchomoa ulikatika mkononi, nikabaki na masizi ya mpira kwenye ncha ya kidole. Gari hili lina injekta, yaani petroli inasukumwa kwa presha juu ya injini ya moto. Na juu ya injini hiyo ndipo kilipo kitanda.

Wengine hunipongeza: “Kilomita zake chache, bado jipya hili.” Mpira hauhesabu kilomita. Tazama ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu 2211 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2011. Kashata inaweza kuwa nzima kabisa, tairi likawa limeshakauka kwa jua la maegesho. Oili ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa gari likiwa limelala. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishalewa maji, kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Teremka Kitonga na mzigo wa godoro, mitungi na watoto, breki zimeshika moto, halafu ukanyage pedeli inayozama hadi sakafuni. Mimi huibadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limetembea hadi sokoni tu.

Mpira wa jiko la gesi una hesabu hiyohiyo. Ujerumani, kwenye magari ya kulalia, mpira na regulata vyote hubadilishwa vikitimiza miaka 10, viwe vinavuja au havivuji. Sijasikia hoja ya kunishawishi nifanye tofauti ndani ya chumba ninamolala madirisha yamefungwa.

Kuna wapenzi wa orijino wanaosaka spea za kiwandani zilizokaa stoo tangu enzi zile, boksi halijafunguliwa. Kwa chuma, nawaonea wivu. Kwa mpira wananunua uzee uliofungwa vizuri. Na wanaosema maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta waende wakatazame hedi ya injini hii iliyofunguliwa: vishimo vya kutu nyeupe pale gasketi ya mpira inapokaa.

Wanabaki wale wa “basi shusha kila kitu, weka vipya vyote.” Hao nilikuwa mmoja wao. Nilibadilisha themostati, pampu ya maji, plagi, nyaya na pampu ya petroli wikiendi moja, Jumatatu gari likawa linakohoa, na sikujua nimtuhumu nani. Spea mpya nazo huja mbovu. Sasa nakwenda kwa mafungu, naendesha wiki mbili kabla ya fungu lingine, na foleni yake ni hii: kinachoweza kuua, yaani petroli, gesi, breki na matairi, kisha kinachoweza kuua injini, kisha kinacholaza njiani, kama oltaneta na silinda ya klachi.

Friji haijapoza hata soda moja tangu ninunue. Itasubiri.